Mwaka Tulioliunganisha Jengo la Wazazi

Kwenye msiba wa Mzee Kalinga, kiongozi wa ratiba alinipa dakika mbili niseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu. Nilisema alikuwa bosi wangu wa kwanza, kwamba hakupenda uongo wala kahawa, na kwamba alinipokea kwenye hospitali moja ya Iringa nilipotoka Mbeya nikiwa na miaka ishirini na mitatu na sweta moja lisilotosha kwa baridi ya kule. Watu wakacheka kidogo, nikarudi kukaa. Baadaye, wakati wa chakula, binti yake mkubwa aliniuliza, "Dada Atupele, ni kweli wewe na baba mliwahi kugombana na mkandarasi?" Nikamwambia hatukugombana na mtu. Lakini niliporudi nyumbani sikuweza kuacha kuufikiria mwaka ule. Nimefanya kazi ya mitandao ya kompyuta miaka kumi na mitano sasa, nimefunga mitandao ya vyuo na maghala na ofisi kubwa kuliko ile hospitali mara nyingi, na bado mtu akiniuliza ni kazi gani ninayojivunia, jibu langu ni mstari mmoja niliouandika kwenye swichi ya mtandao siku ya Jumatatu mchana, Iringa, Mzee Kalinga akiwa amekaa pembeni yangu.

Ofisi yetu zamani ilikuwa stoo ya mashuka. Rafu za mbao zilikuwa bado ukutani, na juu yake tulipanga kebo, kibodi zilizokufa, na printa moja ambayo Mzee Kalinga alisema siku moja itafufuka. Dirisha lilitazama sehemu ambako ndugu wa wagonjwa walipikia, kwa hiyo tulifanya kazi ndani ya harufu ya moshi wa kuni na dagaa, na tukajua habari zote za hospitali kabla ya mganga mkuu. Mzee alikuwa na miaka hamsini na sita. Alianza kazi pale kama mwendesha redio ya mawasiliano, enzi ambazo zahanati za vijijini ziliita hospitali kwa redio asubuhi na jioni. Kompyuta zilipokuja, uongozi ukaona mtu wa redio ndiye wa kukabidhiwa. Waya alizijua. Aliijua kila kebo iliyopita darini, ilipinda wapi na nani aliivuta. Saa nne kamili alifungua hotipoti, akanigawia viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, akaniuliza swali lile lile: "Mbeya mnakula viazi kama hivi?" Nikimwambia viazi vya Mbeya ni vitamu zaidi, anatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa aliyezidiwa na homa.

Nilipanga chumba Kihesa, nyumbani kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Semeni. Jikoni kwake ndiko kulikokuwa na joto, basi jioni tulikaa huko sote wawili, ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga katikati yetu, yeye akichochea moto na kunifundisha kujibu "kamwene", salamu ya Kihehe, bila kuvuta mdomo Kinyakyusa. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. Jumapili moja baada ya ibada nilimsikia jirani akimuuliza, "Huyu mpangaji wako anafanya nini pale hospitali?" Mama Semeni akajibu, "Anafunga mambo ya kompyuta." Jirani akauliza, "Mwanamke?" Mama Semeni akasema, "Mwanamke. Na anakula vizuri." Sijui kwa nini maneno yale yalinitia nguvu, lakini yalinitia. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja tu, na hadi mwezi wa tano kazi kubwa niliyokuwa nimefanya ni kubadilisha wino wa printa.

Mwezi ule ndipo jengo jipya la wazazi lilipofunguliwa, ng'ambo ya bustani, chini kidogo ya mteremko. Lilikuwa na chumba cha kujifungulia, wodi mbili, na maabara ndogo yenye friji ya damu. Kampuni moja kutoka Dar es Salaam ilileta kompyuta kumi na mbili na swichi kubwa mpya ya kuunganisha majengo yote mawili, ikalitenga jengo jipya liwe na mtandao wake wa peke yake, ikachukua saini ya mganga mkuu, ikaondoka. Siku ya kwanza kompyuta zote kumi na mbili ziliwaka vizuri, na hakuna hata moja iliyoweza kuufungua mfumo wa wagonjwa.

Nieleze kwa maneno ya kawaida, maana ndiko kilipo kiini cha mwaka huo. Kompyuta ikiwashwa haina anwani. Inaita kwa sauti mtandaoni, nipo hapa, nani ananipa namba? Seva inayogawa anwani ikisikia, inaipa namba, na kazi inaanza. Mwito huo hauvuki mtandao wa kompyuta yenyewe. Seva yetu ya kugawa anwani ilikuwa kompyuta kuukuu ndani ya kabati ofisini kwetu, jengo la zamani, na kompyuta za wazazi zilikuwa zinaita kwenye mtandao wao mpya ambako hakuna wa kuzijibu. Kinachotakiwa ni swichi ya katikati iambiwe: ukisikia mwito huku, uchukue, uupeleke kwa seva ile kule, na jibu ulilete. Sisi wa kazi hii tunaita rilei. Ile swichi haikuwa imeambiwa. Injinia wa kampuni, tulipompigia, alisema jengo jipya linahitaji seva yake nyingine, atatuma bei, na kwa sasa tuandike namba kwa mkono kwenye kila kompyuta. Tena akaonya kwamba mtu akiigusa swichi, dhamana imekufa.

Tukaandika kwa mkono. Mimi ndiye niliyepanga namba kwenye daftari, nikazikata vipande vya karatasi, Mzee akavibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kila kompyuta. Wiki tatu mambo yalikwenda. Kisha daktari mmoja akaja na laptopu yake, nikampa namba ya ishirini na nne, nimesahau kwamba ishirini na nne ni ya maabara. Namba moja ikiwa na wenyewe wawili, mtandao unampa huyu mara huyu, na mara nyingine haumpi yeyote. Asubuhi iliyofuata mama mmoja alijifungua akaanza kutoka damu nyingi. Muuguzi akaandika ombi la damu kwenye kompyuta, akalituma, akasubiri akiamini maabara wameshaanza kazi. Maabara hawakuona chochote. Dakika ishirini zilipita kabla Metroni Msigwa, mkuu wa wauguzi, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, hajakimbia mwenyewe hadi maabara akiwa na karatasi mkononi. Mama yule alipona, na mtoto wake pia. Nalisema mapema ili anayesoma asipate shida niliyoipata mimi kwa muda wa saa mbili siku ile.

Jioni Metroni alikuja ofisini kwetu. Hakupandisha sauti. "Kalinga," alisema, "mimi sina ugomvi na kompyuta. Nina ugomvi na kusubiri. Alhamisi ya wiki ijayo kuna kikao. Nitaomba jengo la wazazi lirudi kwenye makaratasi." Nikasimama, nikamwambia namba ile niliikosea mimi, si Mzee. "Umefanya vizuri kusema," akajibu. "Lakini makaratasi hayasahau namba." Alipotoka, Mzee Kalinga akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa umri wake na cheo chake. "Atupele, mimi hii swichi mpya siielewi. Tangu waifunge sijaifungua hata mara moja. Wewe umesoma. Kuna njia?" Nikasema nadhani ipo. "Unadhani, au unajua?" Nikasema nadhani. "Basi nenda kajue," akasema, akaniruhusu Ijumaa niondoke mapema.

Nilikwenda Mbeya. Mwalimu Mwambene, aliyenifundisha mitandao chuoni, alikuwa anaishi Iyunga, nyumba ambayo malori ya barabara kuu yakipita vikombe vinalia kabatini. Nilifika Jumamosi asubuhi nikamkuta sebuleni, nikamsimulia kila kitu, pamoja na ile ishirini na nne. Alisikiliza mpaka mwisho. "Swali la rilei lilikuwepo kwenye mtihani wako," akasema. "Ulilipata lote." Nikamwambia, "Nilikariri, mwalimu." Akacheka. "Najua. Nilisahihisha mimi." Alitoa kutoka uvunguni swichi mbili za zamani ambazo ofisi fulani ilizitupa, akaziweka mezani juu ya vitambaa vya mke wake, akaniletea kompyuta tatu mbovu mbovu, akasema nijenge hospitali yangu pale pale mezani: jengo la zamani huku, la wazazi kule, seva hapa. Kisha akachukua gazeti.

Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili nilishindwa pia, kwa sababu nyingine. Mke wake alileta wali wa Rujewa na maharage ya nazi, tukala tumeshika sahani mapajani maana meza ilikuwa ya kwangu, na feni za zile swichi zilivuma kiasi kwamba ilibidi tupaze sauti kuombana chumvi. "Mwalimu, niambie tu," nilimwomba. Akakataa. "Mimi sitakuwepo Iringa. Uliza kila kifaa kinajua nini na hakijui nini." Mara ya tatu, jua likiwa limeshapinda, kompyuta niliyoiita wazazi iliita, swichi ikabeba mwito, na namba ikatokea kwenye kioo. Niliifuta nikaanza upya. Niliijenga na kuibomoa mara sita mpaka mikono ikajua. Sikuwahi, katika miaka yote ya shule, kujua kitu namna ile. Mwalimu alinisindikiza mpaka kituoni Jumapili, akanipa mkono bila hotuba.

Jumatatu nikamwomba Mzee Kalinga nywila ya swichi. Ilikuwa kwenye bahasha ya kampuni, imefungwa, ndani ya droo yake. Aliishika muda mrefu. Nje, mama mmoja alikuwa anamfokea mwenzake kwa kuchukua sufuria isiyo yake, na sisi tukasikiliza ugomvi ule kana kwamba unatuhusu. "Dhamana itakufa," akasema Mzee. Nikajibu, "Ndiyo, mzee." "Tukiharibu, jengo la zamani nalo linaweza kuzima." "Linaweza. Nimeandika hatua zote za kurudisha." Nikampa karatasi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Kisha akaichana bahasha, akainuka kwenye kiti chake, kile cha magurudumu ambacho hata mganga mkuu hakukikalia, akanisogezea. "Kaa. Tukiharibu, tutakuwa tumeharibu wawili."

Tulisubiri mpaka wagonjwa wa nje wakaisha. Neema, muuguzi wa zamu jengo la wazazi, alikaa kwenye simu ya ndani mbele ya kompyuta moja tuliyoifuta namba yake. Kwanza niliongeza kwenye seva fungu la anwani za wazazi. Kisha nikaingia kwenye swichi, nikahifadhi nakala ya mipangilio yote, nikaenda mahali panapohusu mtandao wa jengo lile, nikaandika amri ya rilei, ip helper-address, na anwani ya seva yetu. Mstari mmoja. Nikabonyeza. Jengo la zamani halikuzima. "Neema, chomoa kebo uichomeke tena." Tukasubiri. "Bado," akasema Neema. Mara ya pili: "Bado, dada." Mara ya tatu ikawa vile vile. Niliona kikao cha Alhamisi, niliona basi la kurudi Mbeya na begi langu, na mbaya zaidi nilimwona mzee huyu aliyenipa kiti chake akieleza mbele za watu kwa nini alichana bahasha.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu na gazeti lake, nikaanza kuuliza kila kifaa kinajua nini. Nikafungua kumbukumbu za seva. Maombi yalikuwa yamefika! Yote matatu, yametoka jengo la wazazi, na seva ilikuwa imeyajibu yote matatu. Nikamwambia Mzee, "Mwito unafika. Jibu linatoka. Ila haliwafikii." Aliinamia kioo kwa mara ya kwanza. Huyu alikuwa mtu wa redio. Kusikika bila kusikia jibu lilikuwa tatizo alilolifahamu kabla sijazaliwa. "Jibu likitoka kwenye hii seva linapitia wapi?" akauliza. Nikatazama. Seva ilikuwa imeelekezwa kupeleka kila kitu cha nje kwenye kifaa chenye namba inayoishia mia mbili hamsini na nne. Mzee Kalinga akapiga paja lake. "Hiyo ni ile ruta ya zamani! Niliing'oa mwenyewe mwaka jana, ipo chini ya ngazi, panya wamezalia ndani." Seva ile haikuwahi kuhitaji kuongea na mtu wa nje ya jengo lake, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba mlango wake wa kutokea haupo tena. Kila jibu lake kwa wazazi lilikuwa linapelekwa chini ya ngazi.

Nilibadilisha namba moja, majibu yapitie kwenye swichi mpya. "Neema, chomoa uchomeke." Sekunde nne, tano. "Imepata!" Neema alipiga kelele hivi kwamba Mzee aliisikia bila kushika simu. "Imepata namba, dada, na mfumo umefunguka!" Tukatoka mbio kwenye bustani, mimi mbele, Mzee nyuma ameshika miwani. Tulifuta namba za mkono kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, nikibandua vile vikaratasi vyangu na kuviweka mfukoni, na kila moja ilipowashwa ilipata anwani yake. Ya mwisho ilikuwa ya maabara. Metroni Msigwa alikuja, akakaa chumba cha kujifungulia, akaandika ombi la damu la majaribio, akalituma, akatazama saa ya ukutani. Simu ikalia. Maabara wakasema wameliona. "Tena," akasema Metroni. Alilituma mara saba. Mara ya saba akainuka, akashika magoti yake, akaniuliza nimekula nini mchana. Nikasema sijala. Alinipeleka jikoni kwa wauguzi akanikalisha mbele ya makande, akasimama pale pale mpaka nikamaliza sahani.

Kikao cha Alhamisi kilikuwa kwenye ukumbi mdogo karibu na kanisa la hospitali, na Injinia alikuwa amekuja kutoka Dar na karatasi zake za bei. Mganga mkuu alimtaka Mzee Kalinga aeleze kilichofanyika. Mzee alisimama. Angeweza kueleza, siku tatu zile alikuwa ameniuliza mpaka nikachoka. Badala yake akasema, "Kazi hii niliiruhusu mimi, na kama kuna lawama ya dhamana ni yangu. Lakini aliyeifanya ni Atupele, na aeleze yeye." Akakaa. Nilieleza kwa Kiswahili, bila maneno ya kutishia watu, nikachora mistari mitatu ubaoni. Injinia aliniuliza maswali mawili, ya haki kabisa, nikayajibu, naye akakubali mbele ya wote kwamba rilei ilitosha na kwamba ilipaswa kuwekwa tangu mwanzo. Zile karatasi za bei alizirudisha kwenye mkoba. Metroni akasema hana tena ombi.

Nimekaa kwenye vikao vingi tangu wakati huo. Nimeona mabosi wakieleza kazi za watu wao kana kwamba ni zao, na mimi mwenyewe, nakiri, nimewahi kushawishika. Kinachonizuia ni kumkumbuka mzee mwenye miaka hamsini na sita, mbele ya madaktari waliomjua tangu enzi za redio, akikaa chini ili binti wa miaka ishirini na mitatu asimame. Wakati ule nilidhani nimeshinda mimi. Sasa nikiwa na watu wangu wa kuwaongoza ndipo najua ni nani aliyefanya jambo gumu zaidi siku ile.

Siku iliyofuata kikao Mzee alifika ofisini saa moja kasoro, akanisubiri. "Sasa nifundishe," akasema. Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, tulikaa saa nzima. Nilimfanyia kama nilivyofanyiwa: nilikataa kumwambia. Alinung'unika Kihehe, akafuta, akaandika upya kwa vidole viwili, akajaza daftari la mistari mikubwa. Mwezi wa kumi hospitali ilihamishia kliniki ya macho kwenye nyumba ya zamani ya watawa, karibu na lango, na kompyuta nne zikahitaji mtandao wake na rilei yake. Nikasogeza kiti kuelekea swichi. Mzee Kalinga akaniambia nitoke. "Nenda huko kliniki ukashike simu," akasema. "Na usinipigie kuniuliza kama nimekwama."

Nilikaa kliniki ya macho kwenye benchi la wagonjwa, chini ya lile bango la herufi zinazopungua, simu mapajani. Dakika arobaini zilipita. Mara kompyuta iliyo mbele yangu ikapata namba, kisha ya pili, kisha zote. Simu ikalia. "Zimepata?" akauliza. "Zimepata zote, mzee." Nilisikia akiiweka simu mezani bila kuikata, na kwa mbali nikasikia sauti yake ikimwambia mtu aliyeingia ofisini, polepole, kila neno na nafasi yake: "Nimeifanya mwenyewe. Mwalimu wangu yuko kule langoni. Hata hakuigusa."